Fahali wa Berkesházy na Mshenga wa Euless

Mume wangu Edson ana kazi mbili. Ya kwanza ni kupakia mizigo kwenye ndege, pale uwanjani karibu na nyumba zetu za kupanga Euless, na hiyo ndiyo inayotulisha. Ya pili haimwingizii kitu, na hiyo ndiyo anayoitaja akikutana na mtu kanisani. Ya pili ni ushenga.

Ukitaka kuoa binti wa Kitanzania katika eneo lote la Dallas na Fort Worth, na huna mjomba wa kwenda kukusemea, utaambiwa umtafute Ta Edson. "Ta" ni heshima tunayowapa wanaume kwetu Bukoba, na Edson huipokea kila inapotoka, hata ikitoka kwa mtoto wa miaka sita. Ana koti la kijivu la posa tu. Ana methali thelathini, na kila ukweni hupelekewa saba. Hukohoa kabla ya kuanza kusema, halafu hukohoa tena ili walionyamaza wajue kwamba wamenyamaza. Watanzania wa mikoa mingine humwita nshomile, jina wanalotutania nalo Wahaya kwamba tumesoma na hatuchoki kuwatangazia watu. Edson aliishia kidato cha nne. Lile jina kwake ni cheti.

Ugonjwa wake ni ukoo. Mgeni hajakaa vizuri, ameshaulizwa: "Wewe ni mtoto wa nani? Wa wapi? Ukoo gani? Mwiko wenu nini?" Maana kwetu kila ukoo una mwiko wake, mnyama au samaki ambaye watu wa ukoo huo hawamli, na wenye mwiko mmoja hawaoani. Mwiko wa Edson, kama alivyowaambia wazazi wangu alipokuja kunioa, ni kamongo, yule samaki mrefu wa ziwani. Texas hakuna kamongo. Edson hakuvumilia kukaa na mwiko usio na kazi, basi akamwongeza kambare, ambaye Texas anakaangwa kila kona. Ndiyo maana mimi, mtu mzima, msaidizi wa wauguzi, mama wa mtoto mmoja, miaka kumi na tisa sasa ninakula kambare ndani ya gari lililoegeshwa, madirisha wazi ili harufu itoke, nikilinda heshima ya ukoo wa mume wangu.

Mwaka jana mwezi wa tisa akaja Angel. Angel ni mfamasia, ana miaka thelathini na sita, na baba yake, Ta Kalisti wa Missouri City kule Houston, alikuwa ameshawafukuza wachumba wawili. Wa kwanza alitoka Tanga na hakuweza kumtaja babu wa babu yake. Wa pili alikuwa Mhaya kabisa, daktari wa meno, lakini mwiko ukawa mmoja. Safari hii Angel alimleta Mzungu.

"Ta Edson, naomba unisaidie," alisema. "Dad akikataa tena, basi. Siolewi bila yeye kukubali, na sitafuti mwingine. Nimechoka, serious."

Mzungu mwenyewe aliitwa Travis. Alikuwa mrefu, mwenye buti za ngozi, mtu wa ofisi ya bima huko Plano. Aliniambia shikamoo, akamwambia Edson shikamoo, akamwambia na binti yetu Ushindi, mwenye miaka kumi na saba, shikamoo. Alilelewa na babu yake, mkimbizi aliyetoka Hungaria zamani na kufariki miaka mitatu iliyopita. Ndugu mwingine hakuwa naye. Nilimpenda pale pale, kwa sababu alimaliza chai na kuosha kikombe bila kuambiwa.

"Ukoo wako unaitwaje?" Edson akauliza.

"Berkesházy, sir. Lakini Grandpa always said watu wetu walikuwa..."

Edson aliinua mkono. "Kijana, subiri. Jina liandike hapa."

Lile jina liliandikwa, nalo lilikuwa refu kama treni. Sisi tulilitamka Berkeshazi na likatutosha. Edson akamwita Ushindi aje na kompyuta ya shule. Basi ikaonekana kwamba kuna mtu, mahali fulani, aliyekaa akaandika kurasa nane juu ya ukoo wa Berkeshazi, chimbuko lake na watu wake mashuhuri. Edson alisomewa kila neno, mikono magotini, kama mtu anayesikiliza wosia uliomtaja.

Chimbuko lilikuwa bwana mmoja aliyeitwa Berkes, aliyemvuta mfalme kutoka mtoni. Mfalme hakutaka kulala na fadhila ya mtu, akampa kijiji pamoja na watu waliokuwamo, kama unavyompa mtu kuku na vifaranga wake, na kijiji kikaitwa kwa jina la Berkes. Baadaye akatokea jemadari aliyepigana na Waturuki na kurudi bila sikio. Akatokea askofu aliyeandika kitabu kizima juu ya nyuki. Kulikuwa na mama mmoja aliyemshitaki mumewe kwa mfalme na kushinda, ambaye mimi niliomba asomwe mara mbili. Mwishoni kulikuwa na waziri aliyekaa kwenye cheo siku tisa. Edson alizisikitikia zile siku tisa, na kesho yake akiwasimulia watu kazini zilikuwa zimekuwa miaka tisa.

"Dad," Ushindi akasema, "it says the family died out. Eighteen eleven. No heirs."

"Wazungu hawajui kuhesabu ndugu," Edson akajibu. "Wakikosa mtoto wa kiume wanasema ukoo umekwisha. Kina shangazi je? Endelea."

Ukurasa wa mwisho ulikuwa na picha ya ngao ya ukoo, na katikati ya ngao fahali mwekundu amesimama. Edson aliweka kidole juu ya fahali na kuniita kutoka jikoni.

"Mama Ushindi, njoo uone. Mwiko wao huu hapa."

"Hiyo ni picha ya ng'ombe."

"Ukoo gani unamchora mnyama wake kwenye ngao, unakwenda naye vitani, halafu ukirudi unamla?"

Naomba nisichekwe. Nilisimama na mwiko wa kusongea ugali mkononi nikalitafakari lile swali, nikaona lina akili. Mtu akiishi na Edson miaka ishirini na mbili, kuna mambo huanza kumwingia.

Wiki mbili zilizofuata walifanya mazoezi hapa sebuleni. Travis alijaribu mara mbili tena kusema jambo kuhusu babu yake, na Edson akamweleza sheria: siku ya posa bwana harusi hasemi. Anakaa, anatazama chini, mshenga ndiye mdomo wake. "Ukifungua mdomo wako," alimwambia, "wangu utakuwa wa nini?" Travis akaandika hilo kwenye simu yake. Mimi nilimwambia Edson amwache kijana aseme alilonalo. Akanijibu kwamba ushenga si uuguzi, hatuanzi kwa kumsikiliza mgonjwa.

Jumamosi ya posa tuliondoka asubuhi kwa magari mawili, saa nne za barabara mpaka Houston. Travis alikuwa kwenye gari lake la mizigo, na nyuma alikuwa amebeba kitu kikubwa kilichofunikwa. Hatukuuliza ni nini. Edson alikuwa akikariri majemadari.

Ta Kalisti ni mstaafu mwenye miwani miwili, ya kusomea na ya kutazamia watu. Ukutani ameweka mti wa ukoo wake ndani ya fremu, vizazi kumi na vinne, ambao mgeni lazima ausifu kabla ya kupewa maji. Alikuwa na shemeji zake wawili kochini na dada zake jikoni. Tulipitishiwa buni za kutafuna kwenye kikapu kidogo, kama inavyopasa kwetu, Travis akatafuna yake bila kukunja uso. Angel alikaa karibu na mlango wa jikoni, amekunja mikono. Sijawahi kuona mfamasia mwenye hofu namna ile.

Edson akakohoa. Akakohoa tena. Na lazima niseme ukweli, alikuwa hodari siku hiyo. Alimtoa mfalme mtoni mpaka tukaona nguo zinavyochuruzika. Sikio la jemadari lilikatwa mbele yetu. Askofu alipata mizinga zaidi ya aliyokuwa nayo, waziri akatawala miaka tisa kwa haki, na ule mwaka wa 1811 haukuguswa. Ta Kalisti alivua miwani ya kutazamia watu, akavaa ya kusomea, akaitazama ile picha ya ngao tuliyoichapisha maktaba ya Euless.

"Na mwiko?" akauliza.

"Fahali mwekundu, Ta. Ng'ombe hawamli. Toka enzi za mfalme."

"Huo ni mwiko mzito," Ta Kalisti akasema, na kwa mara ya kwanza akamtazama Travis kama mtu. Angel akaachia mikono yake.

Jikoni ndiko kulikoharibika. Sufuria zote zilikuwa ndizi na nyama ya ng'ombe. Shangazi mmoja akatoka mbio kuuliza chakula kitakuwaje sasa, mwingine akasema atumwe mtu akatafute kuku. Katika maneno yote hayo ya haraka Travis alielewa moja, chakula. Akatabasamu, akainuka bila kusema, kama alivyofundishwa, akatoka nje. Alirudi na sinia alilolibeba kwa mikono miwili, akaliweka mezani mbele ya baba mkwe, akafunua.

Lilikuwa paja la mbele la ng'ombe, lote, jeusi kwa moshi, alilolikausha juu ya kuni za mwaloni saa kumi na nne. Watu wa Texas wakitaka kumheshimu mtu kweli kweli humfanyia hivyo.

"Ng'ombe," akasema kwa Kiswahili alichofundishwa na Angel, uso unang'aa. "Nimepika mimi."

Ta Kalisti akabadilisha miwani.

"Na wewe mwenyewe unakula?" akamuuliza.

"Kila Jumapili, sir."

Edson akakohoa.

"Mshenga anyamaze," Ta Kalisti akasema. "Nataka kijana aniambie mwenyewe. Hawa watu wa mfalme ni wa kwenu au si wa kwenu?"

Travis alimtazama Edson, akamtazama Angel, akaeleza kwa Kiingereza, taratibu, nami nakiweka hapa kwa Kiswahili. Alisema babu yake hakuwa bwana. Watu wao walikuwa wachungaji wa mabwana hao, kizazi kwa kizazi, watu wa kijiji kile kile alichopewa Berkes pamoja na ardhi. Ulipofika wakati wa kuandikishwa, karani aliwaandika wote kwa jina la kijiji, mchungaji, mwashi na mfua chuma, na ndilo likawa jina lao. Mabwana wenyewe walikwisha. Jina likabaki kwa watumishi.

"Yule fahali kwenye ngao ni wa bwana," akasema. "Sisi tulimchunga tu. Babu yangu alikuwa anacheka kila akiiona hiyo picha. Nilitaka kusema mapema, sir."

Mimi nilitaka kumpigia makofi. Ta Kalisti alikuwa na wazo lingine. Alisimama, na Angel akafunika uso.

"Nimewafukuza watu wawili waliokuwa na babu zao," akasema, "leo naletewa mtwana aliyevaa jina la bwana wake. Mtu wa namna hiyo nitamwitaje mkwe? Nikiulizwa Bukoba nitajibu nini?" Halafu akamgeukia mume wangu na sauti yake ikalainika. "Edson, wewe sikulaumu. Wewe ni mtoto wa ukoo, tumekula pamoja miaka kumi na tisa. Najua umedanganywa. Sema tu hapa mbele ya watu kwamba kijana alikudanganya, ili jina lako libaki safi, kisha tuagane kwa amani."

Sasa nieleze kitu ambacho Ta Kalisti hakukijua. Edson si mtoto wa ukoo ule. Baba yake alikuja Bukoba kwa miguu kutoka Burundi, kijana mwenye jembe begani, kutafuta kibarua kwenye mashamba ya kahawa. Mwenye shamba alimpa kona ya kujenga, na baada ya miaka akampa na jina lake, na mwiko wake wa kamongo. Mama yangu alimwona akifika. Aliniambia wiki ya harusi yangu, tukichambua maharage: "Ukoo huo si wake, lakini anafanya kazi na hapigi watu. Olewa. Baba yako usimwambie." Sikumwambia baba, wala Edson sikumwambia kwamba najua. Kwa miaka ishirini na mbili nimemwona akiwauliza watu ukoo wao kwa sauti ya mwenye shamba, na nimekuwa nikimcheka kimoyomoyo. Ilikuwa starehe yangu, sikatai.

Basi nilikaa pale nikijua jibu lake. Angesema kijana amemdanganya. Lilikuwa sentensi moja, na koti la kijivu lingerudi Euless bila doa. Angel angerudi kwenye dawa zake. Nilianza kutafuta mkoba wangu.

"Hakunidanganya," Edson akasema. "Alitaka kuniambia mara tatu. Mimi ndiye niliyemfunga mdomo. Yale ya mfalme na sikio niliyatoa kwenye kompyuta, nikayaongeza chumvi."

Ta Kalisti akafungua mdomo. Edson hakumpa nafasi, na safari hii hakukohoa.

"Na hilo la mtu aliyevaa jina la bwana wake, Ta. Unasema utamwitaje. Mimi umeniita Ta Edson miaka kumi na tisa. Baba yangu alikuwa kibarua wa kahawa, alitoka Burundi. Ukoo ninaoutaja ni wa tajiri yake. Kamongo mimi nilimla utotoni, na ni mtamu."

Shemeji mmoja aliacha kutafuna. Huko jikoni sufuria ilikuwa ikichemka na hakuna aliyekwenda kuizima. Ta Kalisti alikaa chini taratibu, kama mtu anayetafuta kiti gizani, akatazama ule mti wake ukutani muda mrefu, kisha lile sinia.

"Kijana abaki," akasema. "Yeye babu yake amemtaja mbele yangu, na ametaja kazi yake. Angel, mletee kisu akate nyama yake." Kisha, bila kumtazama mume wangu: "Wewe umekula kwangu miaka kumi na tisa kwa jina la mtu mwingine. Nenda nyumbani."

Hivyo ndivyo Angel alivyopata mume, na mshenga wa Euless alivyotolewa nje ya posa aliyoifanikisha. Angel alimshika mkono mlangoni. Travis akatufuata mpaka kibarazani na vipande vya nyama kwenye karatasi, Edson akamwambia arudi ndani, baba mkwe haachwi mezani.

Tulikaa ndani ya gari mbele ya nyumba. Kutoka dirishani tulisikia vyombo vikigawiwa, halafu watu wakicheka, jinsi watu wanavyocheka wakishapona aibu ya mwingine. Edson alivua koti akalikunja magotini.

"Hujashtuka," akaniambia. "Ulijua?"

"Tangu wiki ya harusi. Mama aliniambia."

"Miaka yote hiyo. Mbona hukuniambia kwamba unajua?"

"Nilikuwa nangoja uniambie wewe. Nimengoja miaka ishirini na mbili, Baba Ushindi. Leo umewaambia watu wa Missouri City kwanza, mimi nikasikia pamoja na mashemeji."

Iliniuma kuliko nilivyodhani ingeniuma, na nikataka imuume na yeye. Basi nikauliza swali ambalo nilikuwa nimelihifadhi muda mrefu, la kumchoma nalo siku atakapostahili.

"Hebu nijibu. Kwao Burundi, kabla ya kupewa jina la mwenye shamba, baba yako alikuwa anaitwa nani? Mtoto wa nani?"

Edson aliwasha gari. Akalizima. Akaweka mikono juu ya usukani na kuitazama.

"Sijui," akasema. "Sikuwahi kumuuliza."

Maneno nilikuwa nayo, tena ya kutosha mpaka Dallas. Nimemcheka mume wangu kwa mambo madogo kuliko hilo. Lakini kabla hatujasafiri kuja huku, mzee yule, baba yake, alikaa kwetu miezi minne, amezeeka, hana la kufanya mchana kutwa isipokuwa kunifuata jikoni akae kwenye kigoda na kuzungumza nami nikimpikia. Alinieleza habari za kahawa, za mvua, za magoti yake. Nilijua alikotoka. Nilikuwa na miezi minne, tuko wawili peke yetu, na sikumuuliza.